Beringi ya sili isiyotiwa grisi kwenye shafti ya injini: tuisanifu vipi idumu Nakuru, Nyando na Kakamega?

LethiNakuru

Hamjambo wadau. Mimi hutengeneza shafti na nyumba za beringi hapa Nakuru, hasa za pampu za maji, mashine za kukatia ng'ombe nyasi na vinu vya posho vinavyozungushwa na injini ndogo za petroli au dizeli. Siku hizi wateja wengi wana ombi moja: "Fundi, niwekee beringi ya sili, habari ya grisi sitaki tena." Yaani beringi iliyozibwa pembeni, grisi yake ikiwa ndani tayari. Ombi hilo ni halali kabisa. Mkulima wa Njoro au Ahero ana kazi nyingi kuliko kuinama na bomba la grisi kila wiki. Tatizo ni jinsi tunavyomjibu. Tunanunua 6205-2RS, tunaigonga kwenye shafti, tunamkabidhi mashine. Beringi imetoka kiwandani ikiwa nzima, na kinachoiua ni mahali tulipoiweka. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, tujadili hapo mahali.

Kwa wanaoanza: 6 ya mwanzo ni aina ya gololi zinazokaa ndani ya mfereji wenye kina, 2 inaonyesha kundi la ukubwa wake wa nje, na 05 ukizidisha kwa 5 unapata shimo la milimita 25. Hesabu hiyo inaanzia 04. Chini yake 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. 2RS ni sili mbili za mpira zinazogusa pete ya ndani. ZZ ni vifuniko viwili vya bati ambavyo havigusi kitu. C3 ni beringi iliyoachiwa nafasi kubwa zaidi kati ya gololi na pete.

Sasa tazama ndani. Grisi ya beringi ya sili hujaza robo hadi theluthi tu ya nafasi iliyo wazi. Hicho ndicho chakula chake cha maisha yote. Grisi yenyewe kwa sehemu kubwa ni oili, imeshikwa na sabuni, mara nyingi ya lithiamu, nayo sabuni huiachilia kidogo kidogo mahali gololi zinapopita. Oili ikiungua au ikikauka, chuma kinakutana na chuma hata kama ukifungua sili utaona bado kuna kitu cheusi kimebandika. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kuanzia kama nyuzi 70 za Selsiasi, kila joto likipanda nyuzi 15, umri wa grisi unakatika nusu. Beringi inayofanya kazi kwa nyuzi 100 imebakiwa na robo ya umri wake. Haina pa kuongezewa, kwa hiyo hapo ndipo usanifu unapoanzia.

Chuma chenyewe kina umri mrefu. Chukua 6205, ambayo uwezo wake wa mzigo ni kama kilonyutoni 14. Ukiibebesha sehemu moja ya kumi ya uwezo huo, yaani kama kilo 140, hesabu inakupa mizunguko milioni 1,000 ambayo beringi 90 kati ya 100 zitaifikia. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hizo ni zaidi ya saa 5,500. Lakini hesabu hiyo ni ya kipeo cha tatu. Ongeza mzigo mara mbili, umri unashuka hadi sehemu moja ya nane, chini ya saa 700. Na mzigo unaongezwa na nini? Mara nyingi ni belti. Mwenye mashine anaona belti inateleza, anaivuta mpaka inalia kama waya wa stima. Angebadilisha belti iliyolika, au aweke puli pana zaidi ya kipenyo kikubwa, beringi ingepona.

Nitaendelea na sili na mikazo, yaani jinsi pete zinavyobana shafti na nyumba. Kwanza nisikie wenzangu.

OmeraDunga

Fundi, asante kwa kufungua hii. Niko upande wa ziwani Kisumu, natengeneza injini za maboti na jenereta. Mimi naenda ndani zaidi. Kama beringi inaweza kujilainisha yenyewe, kwa nini krankishafti ya gari, ile shafti inayozungushwa na pistoni, isiwekewe beringi za sili tukaondoa pampu ya oili, filta na mabomba yote? Injini nyingi ninazoletewa zimekufa kwa kukosa oili. Naona kama ndiyo ingekuwa dawa.

LethiNakuru

Omera, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Krankishafti ya gari hailali juu ya gololi. Inalala ndani ya maganda mawili laini ya beringi, na kati ya ganda na shafti kuna nafasi ya kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo. Shafti ya milimita 50, nafasi ni kama milimita 0.05. Pampu inaleta oili hapo, na shafti ikizunguka inaivuta oili na kuibana kwenye kona nyembamba kati yake na ganda, mpaka oili yenyewe inaibeba shafti juu. Utando huo ni wa maikromita (sehemu za elfu za milimita) chache tu, lakini ndio unaopokea kishindo cha pistoni kila moto unapowaka. Gololi inabeba mzigo kwenye kidoa kidogo. Kishindo cha namna ile kikirudiwa kinauchosha na kuuharibu mfereji wake. Utando wa oili unakitandaza kwenye eneo zima.

Kisha kuna joto. Oili ya injini ina kazi ya pili ambayo watu huisahau: inabeba joto kutoka kwenye beringi na pistoni na kulipeleka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Beringi iliyofungwa haitoi kitu nje. Ukiifungia katikati ya injini ambayo oili yake ina nyuzi 100 au zaidi, grisi yake inapikwa mchana kutwa. Mpira wa kawaida wa sili, ule wa naitraili, mwisho wake wa kazi ya kila siku ni kama nyuzi 100. Ule wa FKM unafika nyuzi 200, lakini hapo umeokoa sili tu, grisi bado inaungua.

Tena krankishafti ya gari la silinda nne ni kipande kimoja chenye kona. Pete nzima ya gololi haiwezi kupita kwenye zile kona kufika katikati. Injini za pikipiki za silinda moja zinaweza, kwa sababu krankishafti yake imeunganishwa kwa kubanwa kwa presi. Ndiyo maana ukifungua boda unakuta beringi za gololi pembeni na za rola nyembamba kama sindano kwenye konrodi. Lakini hata hizo ziko wazi, zinaogeshwa na oili ya injini.

Na wewe uko karibu na mfano mzuri kuliko wangu. Injini nyingi za boti za stroki mbili hazina pampu ya kusukuma oili kwenye beringi za krankishafti. Beringi zake zinakunywa mvuke wa petroli iliyochanganywa na oili, kwa injini nyingi petroli lita 50 kwa oili lita 1. Hiyo ndiyo njia ya karibu zaidi na unayoiwaza, na bado ni oili mpya inayoingia na kutoka, si akiba iliyofungiwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ndani ya injini, lindeni oili. Nje ya injini, kwenye kila shafti inayozungushwa na injini hiyo, beringi ya sili ina nafasi yake: alteneta, puli za kukazia belti, beringi ya klachi, pampu ya maji, feni.

OmeraDunga

Nimekuelewa, hasa hapo kwa joto. Sasa hiyo pampu ya maji ya gari, mbona maji yanapita palepale na beringi yake haifi?

LethiNakuru

Ni usanifu mzuri sana, naushauri kila fundi afungue moja iliyokufa aitazame. Hakuna pete ya ndani. Mifereji ya gololi imechongwa kwenye shafti yenyewe, safu mbili, au safu ya gololi na safu ya rola, kisha pete moja ndefu ya nje na sili kila upande. Imejazwa grisi na kufungwa maisha. Sili ya maji ni nyingine kabisa, iko mbele, na kati ya hizo mbili pameachwa uwazi wenye tundu dogo chini. Sili ya maji ikianza kuchoka, maji yanadondoka kwenye tundu badala ya kuifuata beringi. Tundu hilo linakuambia mapema kwamba pampu inakwisha.

Nimeona watu wakiliziba kwa gundi ya chuma ili gari "liache kuvuja". Tafadhali, wadau, msifanye hivyo. Ukiziba, maji yanaelekezwa moja kwa moja kwenye beringi, beringi inalegea, feni inayumba, na ikifika rejeta umenunua vitu vitatu badala ya kimoja.

Kwenye pampu za shamba ninazotengeneza naiga mpango huohuo: sili ya maji, uwazi wenye tundu la chini, kisha kisahani cha mpira kinachozunguka na shafti kurusha matone nje, ndipo beringi ya sili. Beringi inakuwa mlango wa mwisho.

BodaMumias

Mzee shikamoo. Mimi ni wa boda, niko Mumias. Beringi za gurudumu naweka za sili na bado zinaanza kulia mapema, hasa msimu wa mvua. Nikitoka kazini napeleka pikipiki inaoshwa na ile mashine ya presha. Shida ni beringi feki?

LethiNakuru

Marahaba kijana wangu. Feki zipo, lakini angalia kwanza kuosha. Unafika pikipiki ikiwa moto, hewa iliyo ndani ya beringi na kitovu cha gurudumu imepanuka. Ukimwagia maji baridi, hewa inanywea ghafla na kuvuta maji kupitia mdomo wa sili. Kisha presha yenyewe inaunyanyua ule mdomo, ambao umetengenezwa kuzuia vumbi na matone, si mkuki wa maji. Maji kidogo yanatosha kuua grisi na kutia kutu mfereji. Acha pikipiki ipoe, na mwambie anayeosha asielekeze bomba kwenye kitovu. Na usifungue sili kuosha beringi kwa petroli ukaijaza grisi mpaka pomoni. Grisi ikijaa, gololi zinaikoroga, inachemka, inasukuma sili nje.

MwalimuKaratasi

Ndugu yangu fundi, naheshimu maelezo yako, lakini kuna jambo nalipinga. Nafundisha ufundi Kakamega. Kwenye kinu cha posho na kwenye mashine za kusindika miwa za sukari guru, mimi naendelea kuwaambia vijana watumie nyumba ya beringi yenye tundu la kutilia grisi. Sababu ni vumbi. Ukisukuma grisi mpya, ile ya zamani inatoka pembeni na unga na uchafu wake, na ule ukingo wa grisi unaobaki mdomoni unakuwa kizuizi. Beringi iliyofungwa haina namna ya kujisafisha. Uchafu ukishaingia umeingia. Tusiwauzie watu raha ya kutotia grisi halafu wakalipa shafti nzima.

LethiNakuru

Mwalimu, hoja yako ina nguvu na sehemu yake naikubali bila mzozo. Kwa shafti nzito, yenye mwendo mdogo, vumbi jingi, na mtu wa kuihudumia kila siku, grisi ya kusukuma ni bora. Mashine ya miwa ni hiyo hasa.

Tunapoachana ni hapa. Mashine nyingi tunazotengeneza hazina mtu huyo. Beringi yenye tundu ambayo haitiwi grisi ni mbaya kuliko ya sili, kwa sababu iliwekwa kwa kutegemea kitu kisichofanyika. Na anayekumbuka mara moja kwa msimu anatia ya rangi yoyote aliyoikuta dukani. Grisi ya lithiamu ikichanganyika na ile ya poliurea, mara nyingi zinalegea na kutiririka zote mbili.

Vumbi nalichukulia kwa uzito. Huku kwetu, kuanzia Gilgil na Kariandusi kunakochimbwa diatomaiti mpaka miteremko ya Menengai, udongo una chembe za silika na majivu ya volkano, na chembe hizo zinakwangua mdomo wa sili na shafti chini yake. Kwa hiyo sili ya beringi peke yake siitegemei. Natangulia na kisahani cha kurusha, kisha mfereji wa kona mbili ambao vumbi linapotea ndani yake, na mlango wa nyumba unaangalia upande ambao feni ya injini haipulizi. Nikiongeza sili ya shafti kwa nje, mahali mdomo unapogusa nalainisha kwa jiwe mpaka ukwaru uwe kati ya maikromita 0.2 na 0.8. Ukiwa zaidi ya hapo unakula mpira, ukiwa laini kama kioo oili haikai chini ya mdomo.

Na kuna bei ya mdomo unaogusa. 6205 yenye sili za mpira, katalogi inaweka kikomo kwenye mizunguko kama 8,500 kwa dakika, wakati ya vifuniko vya bati inafika kama 14,000. Tofauti hiyo ni joto la msuguano wa sili. Kwa pampu ya mizunguko 3,000 haina shida. Kwa alteneta yenye puli ndogo inayozunguka mara mbili au tatu ya mwendo wa injini, lazima uhesabu.

MwalimuKaratasi

Hapo kwenye "iliwekwa kwa kutegemea kitu kisichofanyika" umenigusa. Nitawapa vijana walinganishe njia zote mbili kwenye mashine moja ya kukata nyasi. Hebu endelea na mikazo uliyoahidi.

LethiNakuru

Naendelea, na hapa ndipo naona kazi nyingi zinaharibika.

Pete inayozungukiwa na mzigo lazima ibanwe; kwa shafti inayovutwa na belti, hiyo ni pete ya ndani. Pete ya nje inakaa kwa kuteleza kidogo. Beringi ikibanwa kwenye shafti, pete ya ndani inapanuka na kula nafasi ya gololi. Pia ikifanya kazi inapata joto kuliko ya nje, inakula tena. Kwa shimo la milimita 25, nafasi ya kawaida ni maikromita 5 hadi 20. C3 ni 13 hadi 28. Kwa shafti iliyo karibu na injini mimi huchukua C3.

Kisha urefu. Chuma cha milimita 300 kikipata joto la nyuzi 50 zaidi kinarefuka karibu milimita 0.18. Ukizifunga beringi zote mbili pembeni kwa bega na kifuniko, urefu huo hauna pa kwenda, gololi zinabanwa ubavuni na mashine inapika beringi zake yenyewe. Funga moja, nyingine iachie iteleze ndani ya nyumba yake, na nyuma yake weka washa ya mawimbi iisukume polepole.

Nyumba ya alumini ina hila yake. Tundu la milimita 47 likipanda joto la nyuzi 80, alumini inapanuka kuliko pete ya chuma kwa kama milimita 0.04. Mkazo uliokuwa mzuri asubuhi unakuwa legevu mchana, na pete ya nje inaanza kuzunguka ndani ya nyumba na kuila. Dawa ni ringi ya chuma iliyopachikwa ndani ya alumini, au pete yenye mpira wa duara kwa nje.

Kuhusu kuingiza: sukuma pete unayoibana tu. Ukigonga ya nje ili ya ndani iingie, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye mfereji. Beringi ya sili usiipashe moto kupita nyuzi 80.

MamaPoshoAhero

Fundi, habari za kazi. Nina kinu cha posho huku Ahero. Upande wa injini beringi inachemka siwezi kuweka mkono, upande wa pili iko sawa. Nimebadilisha na kubadilisha. Sakafu yenyewe ilipasuka mvua kubwa iliponyesha, udongo wetu mnaujua.

LethiNakuru

Nzuri mama, pole sana kwa gharama. Sina shaka sana kwamba sakafu ndiyo imekushika. Udongo mweusi wa Kano unavimba kwa maji na kunywea kwa jua, na msingi ukiinuka upande mmoja shafti inapinda mstari. Beringi ya gololi ya kawaida inavumilia kupinda kwa dakika 10 za nyuzi kwa wingi, yaani sehemu moja ya sita ya nyuzi moja. Kwa nyumba mbili zilizoachana milimita 600, hiyo ni chini ya milimita 2.

Tatizo lako lina historia. Mwaka 1907 mhandisi wa Uswidi Sven Wingquist alibuni beringi inayojinyoosha yenyewe kwa sababu kiwanda cha nguo cha Gothenburg alichokihudumia kilikaa juu ya udongo wa mfinyanzi, na shafti zake zilihama mstari kila mara. Kampuni ya SKF ilianzia hapo.

Usinunue beringi nyingine kabla ya kunyoosha msingi. Mwambie fundi afunge injini na kinu juu ya fremu moja ya chuma, ili udongo ukisogea vyote visogee pamoja. Kisha aweke nyumba zile ambazo beringi ina mgongo wa mviringo na sili zake. Anaikalisha kwenye mstari kwanza, ndipo anakaza bolti. Na alegeze belti kabla ya kupima.

MamaPoshoAhero

Fremu moja, hilo hakuna aliyeniambia. Asante, nitamwonyesha fundi wangu maneno haya.

OmeraDunga

Swali langu la mwisho kabla sijaondoka. Bushi za shaba zinazojilainisha, zile za stata, haziwezi kuchukua nafasi ya gololi kwenye pampu ndogo?

LethiNakuru

Zinaweza, kwa mzigo mdogo. Ni unga wa shaba kama sehemu 90 na bati sehemu 10, umegandamizwa na kuokwa ukabaki na vitundu ambavyo ni kama robo ya ujazo wake, kisha ukanyweshwa oili. Shafti ikizunguka, oili inatoka. Ikisimama na kupoa, vitundu vinairudisha. Kikomo chake ni shinikizo mara mwendo, kama 1.75 kwa megapaskali na mita kwa sekunde. Shafti ya milimita 20 kwa mizunguko 1,500 ina mwendo wa mita 1.57 kwa sekunde, kwa hiyo bushi ya urefu wa milimita 20 inabeba kama kilo 45. Kwa 3,000, nusu yake. Kwa stata inayozunguka sekunde chache inafaa sana. Ila usiipige msasa ndani wala usiipanue kwa kifaa butu. Unaziba vitundu na umebaki na kipande cha shaba tu.

BodaMumias

Mzee, kuna mteja ananipa kazi ya kusafirisha mashine ya kukata nyasi kutoka Nakuru hadi Kitale kwa lori. Beringi ni mpya za sili. Kuna la kuangalia?

LethiNakuru

Lipo. Mashine ikitikiswa barabarani bila kuzunguka, gololi zinapiga palepale na kusukuma grisi pembeni, na mfereji unapata alama zenye nafasi sawa na gololi. Ukifika na kuwasha inanguruma ikiwa mpya. Ondoa belti, kaza shafti kwa kabari ya mbao isicheze, tandika mpira chini ya fremu. Ukifika Kitale toa kabari, zungusha shafti kwa mkono raundi kadhaa grisi irudi mahali pake, ndipo urudishe belti.